Mama anataka kuuona Mji Mkongwe, lakini magoti yanamsumbua

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwezi wa nane nampeleka mama yangu Unguja. Ana miaka 68 na hajawahi kuvuka bahari. Anataka kuzunguka Mji Mkongwe kwa miguu, teksi hataki hata kuisikia. Shida ni magoti: akitembea robo saa lazima akae. Mwaka jana tukiwa safarini tulikaa kwenye ngazi za duka moja tukafukuzwa, na mama aliona aibu sana. Je, huko kuna pa kukaa bila kulazimika kununua soda kila mara? – Binti wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu. Mwambie anakuja kwenye mji uliojengewa viti. Nje ya nyumba nyingi za zamani, chini ya ukuta, utaona baraza la mawe na chokaa lililoshikana na nyumba yenyewe. Limewekwa makusudi ili watu wakae.

Mimi nimekulia Malindi, mtaa wa humu humu Mji Mkongwe, na baraza letu nalijua kwa mgongo. Ukingo wake ulikuwa umelika ukalainika kama sabuni iliyotumika, na pale alipozoea kukaa babu palikuwa na kibonde. Masika, kichochoro kikigeuka mto, tulikwenda skuli kwa kupita juu ya mabaraza, viatu mkononi.

Kwa hiyo mama asione haya. Ila kwanza salamu. Akiwapo mtu mlangoni au amekaa pale, toa salamu, kisha sema, "Mama yangu anapumzika kidogo." Utasikia "karibu" kabla hujamaliza. Nendeni asubuhi, mkianza saa mbili. Baada ya alasiri mabaraza mengi hukaliwa na wanaume. Watawapisha bila tabu, lakini najua mama hatastarehe. Chagua baraza linalofika usawa wa magoti yake au juu kidogo, maana yale ya chini ni rahisi kukaa na taabu kuinuka. Chukua khanga ya kutandika: jiwe lililopigwa jua huunguza.

Siku hizi zipo nyumba zilizogeuzwa za wageni ambazo zimepanga vyungu vya maua juu ya baraza zima ili mtu asikae. Linaniuma sana jambo hilo. Baraza lisilokaliwa limebaki ukuta tu. Mkikuta hivyo, piteni, la jirani halitakuwa mbali.

Sasa njia. Mkishuka boti hapo Malindi, fuateni barabara ya Mizingani, bahari ikiwa kulia kwenu. Hamtafika mbali mtauona Mtini, mti mkubwa wenye kivuli kipana. Hapo kuna vijana wa boti za kwenda kisiwa cha Changuu; watawaita, wajibuni kwa upole, mama akae. Endeleeni polepole hadi Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya mwaka 2009, ina viti na miti, na asubuhi huwa kimya kwa sababu wauza vyakula huja jioni. Hapo mwache akae hata saa nzima atazame majahazi. Ng'ambo ya barabara ni Beit al-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sisi wa hapa hatujazoea bado kuliona hivyo.

Jua likipanda, vukeni barabara muingie Ngome Kongwe. Kuta zake ni nene na ndani mna uwanja wa majani, tena mna ngazi za mawe za ukumbi wa wazi. Mama akae ngazi ya kwanza, asipande.

Akiwa bado na nguvu, ingieni vichochoroni hadi Sokomuhogo, pale panapoitwa Jaws Corner. Ni njia panda yenye mabaraza, wazee wa bao, na muuza kahawa mwenye dele, yaani birika la kahawa, juu ya mkaa. Kahawa ni chungu, haina sukari, kikombe ni kidogo kama ganda la yai; utamu unautafuta kwenye kashata. Nimesema jioni ni ya wanaume, na hapa hata asubuhi ni wao wengi, lakini mgeni mwenye umri wa mama yako huachiwa nafasi. Mkifika kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mama akae ndani kwenye benchi kabla ya kushuka kuona vyumba vya chini. Dari la vyumba hivyo ni la chini sana, na kuinama kutamuumiza kuliko kutembea.

Kurudi, tokeni mjini ikiwa imebaki muda wa saa mbili boti iondoke. Kwa mwendo wa mama mtapumzika mara mbili njiani, na ya mwisho iwe tena chini ya Mtini.