Usilipe chochote kabla ya kusoma sehemu ya kasoro

Usitume hiyo amana ya mbwa unayetaka kumnunua. Umeuliza maana ya maneno matatu ya kiwango cha mbwa wa aina ya German Shepherd (kiwango ni maandishi rasmi yanayoeleza mbwa wa aina fulani anavyotakiwa kuwa), yaani kilele cha mabega, pembe za miguu ya nyuma (jinsi mifupa yake inavyokunjana kwenye viungo) na meno ya mkasi (ya mbele ya juu yakifunika ya chini kwa karibu), kisha ukataja kwa kupita tu kwamba muuzaji amekiri kuwepo kwa "kasoro ndogo ya meno". Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu niliambiwa maneno hayo hayo mwaka 2019, nikayaamini, na yakanigharimu shilingi 90,000.

Nilikuwa nikinunua dume wa miezi minane, aliyekwisha kuota meno ya kudumu. Taya lake la juu lilitangulia la chini kiasi kwamba ncha ya kalamu ingepita katikati ya meno ya mbele. Muuzaji alinifungulia kiwango cha Marekani, akanisomea kwamba taya la juu lililotangulia halipendezi tu, na ni kweli imeandikwa hivyo, kwani huko kinachomwondoa mbwa mashindanoni ni taya la chini lililotangulia. Asichonieleza ni kwamba onyesho nililomwambia wazi kuwa ninalikusudia lilihukumiwa kwa kiwango namba 166 cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambacho humwondoa mbwa taya la juu linapotangulia kwa milimita 2 au zaidi. Hakimu aliinua midomo ya mbwa, akatazama kwa sekunde chache, nasi tukatoka ulingoni. Muuzaji yule alikuwa amefuga aina hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo sikubali kwamba hakujua. Alinichagulia karatasi iliyomfaa yeye, na hilo linaniuma kuliko fedha.

Elewa kwamba neno "kasoro" lina madaraja. Ipo kasoro ambayo hakimu huipima kwa uzito wake, ipo kasoro kubwa, na ipo kasoro ya kumwondoa mbwa, ambayo haipimwi wala haijadiliwi hata kama mwili uliobaki ni mzuri kupindukia. Kukosa chonge moja, kwa mfano, kunatosha kumwondoa kwa kiwango hicho cha FCI. Tena neno lile lile hugeuka ukihamia aina nyingine: Boxer hutakiwa na kiwango chake awe na taya la chini lililotangulia la juu.

Ndiyo maana sasa nasoma kiwango kuanzia mwisho, penye kasoro, baada ya kuuliza kwanza mbwa atahukumiwa kwa kiwango cha nani. Kilele cha mabega ni mahali urefu unapopimwa, sentimita 60 hadi 65 kwa dume katika kiwango cha FCI, na hilo utalipima mwenyewe kwa futi. Leo hii mwombe muuzaji picha ya meno iliyopigwa kwa upande, mataya yakiwa yamefumbwa na midomo imeinuliwa, pamoja na maandishi yanayotaja kasoro hiyo kwa milimita na namba ya kiwango anachokitumia. Akikataa kuandika, mwachie mbwa wake.