Shangazi, binti yangu anatishiwa kwa picha aliyoituma mwenyewe

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mikindani, nina watoto watatu. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Msimu wa korosho uliopita nilimnunulia simu ya tachi, maana kazi za shule na matangazo ya walimu siku hizi yanapitia WhatsApp. Juzi usiku nikamkuta analia ndani ya khanga, simu mkononi. Kumbe kuna mtu alimfuata Facebook, akajitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa Dar es Salaam. Wamechati miezi miwili. Akamwomba picha ambayo siwezi kuieleza hapa, naye akatuma. Sasa anadai shilingi 50,000, la sivyo ataimwaga kwenye grupu la wazazi wa darasa lao. Kinachonishangaza, tangu siku ya kwanza alijua jina lake kamili, shule yake, hata kwamba anacheza netiboli. Picha za timu yao ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mwalimu alizituma kwenye grupu, nami kwa furaha nikaziweka Facebook. Baba yake anataka aivunje simu na mtoto apelekwe Newala kwa bibi yake. Mimi nimewaza kumtumia mwalimu wa darasa picha hiyo na meseji zote, awe na ushahidi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu lina haraka: hiyo picha usimtumie mtu yeyote. Si mwalimu, si kaka yako, wala mimi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za namna hiyo za mtoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Najua nia yako ni njema. Lakini ukishaituma, imeshakaa kwenye simu ya pili, na ya pili ikiibwa au ikiazimwa na mtoto wa nyumba hiyo, hutakuwa na la kufanya.

Ushahidi unabaki kwenye simu hiyohiyo. Usifute kitu, na baba yake umsihi asiivunje, maana akiivunja atakuwa amemsaidia yule mtu. Piga skrinshoti za meseji za vitisho, za profaili yake na za ile namba aliyotoa ya kutumiwa pesa. Namba hiyo ina thamani kubwa: laini za simu hapa kwetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha NIDA, kwa hiyo polisi wakiifuatilia kwenye kampuni ya simu watapata jina la kuanzia. Mkishamaliza, mfungieni asiweze kumpata tena. Msimjibu, msimtukane, msimbembeleze. Na hiyo 50,000 msiitume. Anayelipwa mara moja kwa kazi hii hujua kwamba nyumba hii inalipa, na wiki ijayo atadai 100,000.

Asubuhi panda daladala uende polisi mjini Mtwara, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na binti na simu yenyewe. Kama miguu inakuwa mizito, piga kwanza 116, namba ya kuwasaidia watoto. Ni bure, na hata yeye mwenyewe anaweza kupiga. Iko pia huduma ya mtandaoni inaitwa Take It Down, ya kituo cha watoto cha Marekani. Inaipa picha alama ya siri hapohapo kwenye simu, bila picha kutoka, kisha mitandao inayoshirikiana nao, Facebook, Instagram na TikTok ikiwemo, huitumia alama hiyo kuitambua picha na kuiondoa.

Sasa tuje kwa mtoto, maana ndiye aliyenifanya nikose usingizi.

Mtu huyu amefika alipofika kwa sababu kwa miezi miwili yeye ndiye aliyekuwa anamsikiliza. Kila jioni alimuuliza umeshindaje, umekula nini, mechi iliendaje. Na silaha anayoishika sasa ni woga wa binti kwamba wewe na baba yake mkijua mtamtupa. Kumpeleka Newala ni kumthibitishia kwamba woga huo ulikuwa wa kweli. Mtoto atakatwa masomo katika mwaka wa mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na atakwenda kukaa mahali ambako hakuna anayejua kilichompata. Mtandao Newala upo. Mwambie mume wangu huyo, maana kwa shangazi yenu ni mume, kwamba hasira yake naielewa na ni haki yake, ila aielekeze kwa mwenye kosa. Mtu mzima akimrubuni mtoto, mkosaji ni mmoja tu.

Usimweke kitako kama mshitakiwa. Mchukue uani jioni, wewe ukuna nazi, yeye achambue mchele. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini, maneno hutoka. Mwambie hivi: "Nimeshajua, sikuja kukupiga. Hili sasa ni letu wawili." Kisha nyamaza. Ukimuuliza "kwa nini ulituma?" atajifunga, kwa sababu hata yeye hajui. Muulize alivyokuwa anajisikia, muulize nani mwingine anajua. Usiku huu na unaofuata alale chumba kimoja nawe. Akitamka kwamba bora afe, usiseme ni maneno ya kitoto. Mpeleke hospitali, Ligula si mbali, na umweleze daktari yote.

Kwetu kusini tunawacheza watoto unyago. Najua na wako ulimcheza, na somo wake alimkalisha akamfundisha namna ya kuamkia, namna ya kujitunza, mambo gani yanasemwa mbele ya nani. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha kuhusu mgeni anayeingia kupitia kioo cha simu. Sisi wenyewe hatukufundishwa. Mwaka jana nilimwomba mtoto wa kaka yangu anionyeshe Facebook yake. Alikuwa na marafiki zaidi ya elfu moja, na aliowahi kuwaona kwa macho hawakufika hamsini. Tulikaa mpaka taa ikazimwa, tukawatoa mmoja mmoja, yeye akinieleza huyu ni nani. Fanya hivyo na binti yako, lakini yeye ndiye ashike simu. Orodha ya marafiki ifichwe. Kwenye WhatsApp, sehemu ya faragha, achague kwamba watu alio na namba zao tu ndio wanaoweza kumwingiza kwenye grupu.

Na wewe, mwanangu, ile picha ya netiboli iondoe leo. Sikulaumu, kila mzazi angefurahi. Lakini sare ina jina la shule, wewe uliandika jina lake na ukamsifu kwa magoli, na ukurasa wako uko wazi kwa kila mtu. Aliyejua yote hayo siku ya kwanza huenda aliyasoma kwako.

Kuhusu grupu la wazazi, nenda shuleni kwa miguu yako, ukaongee na mwalimu wa malezi kwa mdomo, faragha. Mwombe aongee na maadmini, bila kutaja jina, wafunge grupu kwa siku chache ili wao tu ndio watume ujumbe, na waangalie kama kuna namba isiyojulikana ya mzazi gani. Admini anaweza pia kufuta ujumbe wa mtu mwingine ukapotea kwa wote. Mkishafanya hivyo, kile anachomtishia nacho mtoto kitakuwa kimepungua sana.

Kisha, binti akishatulia, andika kwenye grupu. Nimekuandikia, badilisha utakavyo:

"Wazazi wenzangu na walimu, salaam. Naomba picha za watoto wetu wakiwa na sare tusizirushe nje ya grupu hili, na majina yao kamili tusiyaandike. Mzazi ambaye mtoto wake atasumbuliwa na mtu mtandaoni asione aibu, anipigie mimi. Nitakwenda naye polisi."

Namba yako wanayo.