Barua kwa mwanangu: kwa nini Baltimore ilimlilia Johnny Unitas

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Sisi hatujambo, na barua yako imetufikia salama. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza ni kwa nini mwezi wa Septemba mwaka 2002, ulipokuwa bado mwanafunzi, uliwaona wanaume wazima wa mtaani kwetu hapa Baltimore wakimlilia Johnny Unitas, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani aliyekuwa ameacha kucheza kwa karibu miaka 30, na ambaye wengi wao hawakuwahi hata kupeana naye mkono. La pili, ambalo naona ndilo linalokukera zaidi sasa hivi kwa kuwa umehamia Indianapolis kikazi, ni kwamba wenzako wa huko wanamhesabu Unitas kuwa mtu wao, maana timu aliyoichezea, Colts, ndiyo hiyo hiyo inayocheza mjini kwao leo. Unataka kujua kama wana haki hiyo.

Nakujibu kama mtu aliyejifunza habari hizi ukubwani. Nilipotoka Tanga sikujua kwotabeki ni nani, wala kwa nini mpira unaoitwa wa miguu uchezwe kwa mikono. Niliyoyajua baadaye niliyapata kwa wazee niliokuwa nikiwahudumia katika nyumba ya wazee, nikiwaogesha, nikiwalisha na kuwapa dawa, huku wao wakinisimulia mchezo wa mwaka 1958 kana kwamba umemalizika jana jioni. Ni wao walionieleza kwamba kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua, kwa nukta chache tu kabla ya kuangushwa chini, amrushie nani au amkabidhi nani. Na kwamba enzi za Unitas kazi hiyo ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyepanga uwanjani mbinu za kushambulia, wakati siku hizi mbinu nyingi hutoka kwa makocha.

Unitas alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano, na mama yake ndiye aliyeshika biashara ndogo ya kusambaza makaa ya mawe ili kuwalea watoto. Alisoma Chuo Kikuu cha Louisville, akachaguliwa na Pittsburgh Steelers mwaka 1955, nao wakamwacha kabla hajacheza mechi hata moja. Akawa kibarua wa ujenzi, na jioni alichezea timu ya mtaani iliyoitwa Bloomfield Rams kwa dola 6 kwa mechi, katika viwanja ambavyo wazee wangu walisema vilikuwa na vipande vya chupa kuliko majani. Colts walimwita mwaka 1956, na kwotabeki wao wa kwanza alipoumia mguu wakicheza na Chicago Bears, Unitas aliingia na pasi yake ya kwanza ikadakwa na adui, aliyekimbia nayo hadi mwisho wa uwanja na kupata alama. Habari hii ya aibu wazee waliipenda kuliko sifa zake zote, na kila mmoja aliyenisimulia aliianzia hapo.

Sifa zenyewe nitazipitia haraka, kwa kuwa unaweza kuzisoma popote. Tarehe 28 Desemba 1958, katika uwanja wa Yankee Stadium, Colts waliwafunga New York Giants 23 kwa 17 katika fainali iliyokwenda muda wa nyongeza, ikitazamwa na mamilioni ya watu kwenye televisheni, na wengi husema kwamba ndiyo siku mchezo huo ulipoingia sebuleni mwa Wamarekani. Walitwaa ubingwa tena mwaka uliofuata, na baadaye wakashinda Super Bowl, yaani fainali kuu ya mchezo huo, ya Januari 1971. Kati ya 1956 na 1960 alirusha pasi ya kufunga katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2012 ilipovunjwa na Drew Brees.

Lakini mwanangu, mabingwa wako kila mji, na si kila bingwa huliliwa na watu wanaofanya kazi za zamu. Unitas alikuwa mtu wa hapa. Mishahara ya wachezaji wakati ule haikuwa mikubwa. Wengi walifanya kazi nyingine msimu ukiisha, na waliishi katika nyumba za kawaida kama za watu waliokuja kuwashangilia. Mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha chuma cha Sparrows Point alinieleza kwamba Jumapili uwanja wa Memorial Stadium, ule wa Mtaa wa 33, ulijaa vishindo hadi majirani wakajua matokeo kabla ya kuwasha redio, na kwamba Jumatatu ungeweza kumkuta mchezaji dukani ukamwambia usoni pale alipokosea. Unitas mwenyewe alishiriki katika kuendesha mgahawa ulioitwa Golden Arm kwenye barabara ya York, na watu walikwenda kula wakijua kwamba huenda wakamkuta. Mtu wa namna hiyo, mwenye nywele zilizokatwa fupi kama za askari, mabega yaliyoinama na viatu vyeusi vinavyofunika vifundo vya miguu, alifanana na wao.

Mchezo ulimlipa vibaya. Mkono wake wa kulia, ule ule uliorusha pasi, uliharibika kutokana na jeraha la kiwiko alilolipata mwaka 1968, hata uzeeni vidole vikagoma kushika vitu, na ili acheze gofu ilimbidi aufunge mkono kwenye fimbo kwa mkanda. Aliomba malipo ya ulemavu kutoka kwenye mfuko wa ligi, akakataliwa. Biashara zake kadhaa zilianguka, na mwaka 1991 akatangaza kufilisika. Wazee wangu, ambao nao walikuwa na migongo na mapafu yaliyoharibiwa na viwanda, waliyazungumza mambo haya kwa sauti nyingine kabisa kuliko ile waliyozungumzia ubingwa. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Sasa nifike kwenye usiku ule ambao wenzako wa Indianapolis pengine hawausimulii. Mmiliki wa Colts, Robert Irsay, alikuwa amevutana na mji kwa miaka mingi juu ya uwanja, na mwezi Machi 1984 bunge la Maryland lilipoanza kupitisha sheria ambayo ingeuruhusu mji kuichukua timu kwa nguvu ya serikali, yeye hakungoja. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi malori ya kampuni ya kuhamisha mizigo yalipakia kila kitu, theluji ikianguka, na asubuhi timu haikuwapo. Hakukuwa na mechi ya kuagana wala mkono wa buriani. Bendi ya timu ilinusurika na sare zake kwa sababu tu sare zilikuwa kwa dobi, na ikaendelea kupiga muziki miaka 12 bila timu ya kuipigia. Wewe unajua kwetu mtu akifa tunakaa matanga, watu wanakuja, wanakula, wanamtaja marehemu kwa mema na kwa vichekesho, kisha tanga linaanuliwa na maisha yanaendelea. Mji huu ulifiwa bila kuona maiti, na matanga hayakukaliwa.

Unitas alikuwa amekwisha kuondoka kwenye timu kabla ya hapo, maana mwaka 1973 Colts walimuuza kwa San Diego Chargers na mwaka uliofuata akastaafu. Hata hivyo aliendelea kuishi huku, na timu ilipohama alikataa kabisa kuhusishwa nayo. Aliomba zaidi ya mara moja kwamba maonyesho yanayomhusu katika jumba la watu mashuhuri wa mchezo huo yaondolewe, isipokuwa yaandikwe kwamba yeye ni wa Baltimore Colts. Mji ulipopata timu mpya, Ravens, alionekana mara nyingi amesimama kando ya uwanja siku za mechi, na kwa watu wa umri ule kumwona pale kulitosha kuwaruhusu waipende timu hiyo.

Kwa hiyo alipofariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Septemba 2002, akifanya mazoezi huko Timonium akiwa na umri wa miaka 69, siku ambayo nchi nzima ilikuwa tayari katika kumbukumbu ya mashambulizi ya mwaka uliotangulia, mji ulipata msiba wa kuuketi. Walimlilia yeye, bila shaka. Walilia pia timu iliyopakiwa usiku, uwanja wa Mtaa wa 33 ambao ulikuwa umemaliza kubomolewa muda mfupi kabla ya hapo, na baba zao waliowapeleka uwanjani wakiwa wadogo. Katika mazishi kwenye Kanisa Kuu la Mary Our Queen alizungumza Raymond Berry, aliyekuwa mdakaji wa pasi zake, na pale kazini kwangu tulivisogeza viti vya magurudumu mbele ya televisheni tangu asubuhi. Wapo waliozungumza siku ile baada ya miezi ya kunyamaza, na sehemu kubwa ya waliyosema yalikuwa vichekesho.

Kuna jambo la siku zile ambalo bado linaniudhi. Jumapili iliyofuata kifo, Peyton Manning, kwotabeki wa timu ya huko ulipo, aliomba ruhusa ya kuvaa viatu vyeusi kama vya Unitas. Ligi ikakataa na kumtishia faini ya dola 25,000, naye akatii. Hapa kwetu Chris Redman wa Ravens alivivaa bila ruhusa, akatozwa dola 5,000. Ravens walifungwa vibaya siku hiyo, lakini sikumsikia mzee yeyote akimlaumu Redman. Ligi hiyo hiyo huuza fulana za wachezaji wa zamani kila duka.

Ili niwe mwadilifu, lazima nikuambie kwamba Ravens wenyewe walitoka Cleveland. Mwaka 1996 Baltimore iliwafanyia watu wa huko karibu lile lile ililofanyiwa, na ni mazungumzo ambayo watu wa hapa huyakatiza haraka. Tofauti ni kwamba Cleveland iliachiwa jina, rangi na historia ya timu yake, hata timu hiyo, Browns, iliporudi mwaka 1999 ikayakuta. Baltimore haikuachiwa chochote. Jina, nembo ya kiatu cha farasi na rekodi zote za Unitas vilikwenda Indianapolis pamoja na mizigo.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kwa maandishi ya ligi wenzako wako sahihi: pasi zake za kufunga 287 alizorusha akiwa Colts zinahesabiwa katika historia ya klabu yao, na namba yake 19 wameistaafisha, hakuna anayeivaa. Hilo ni jambo la heshima na usiwabishie. Lakini mtu ana haki ya kusema yeye ni wa wapi, na Unitas alisema akiwa hai, tena kwa kurudia, hadharani na kwa gharama yake. Ukiulizwa kazini waambie hivyo kwa upole, kisha uwaulize kama wazazi wao wanakumbuka asubuhi ya malori. Huenda wakakusimulia furaha yao, nawe uisikilize, kwa kuwa nao hawakuiba kitu, waliletewa.

Baba yako anakusalimu tena na anauliza kama umepata koti zito.

Ni mimi,
Mama yako