Habasoda ya bibi yako

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Umeniuliza bibi yako alikuwa akila vijiko vingapi vya habasoda kwa ajili ya presha, maana na wewe umeambiwa imepanda. Kijiko cha chai, asubuhi, kwa asali. Lakini presha hupimwa, haikisiwi. Wimbo huo umeusikia tangu hujaanza shule.

Bibi akiikaanga kidogo mpaka itoe harufu, kisha akaitwanga mwenyewe kwenye kile kinu chake, na ole wako umsogelee. Sasa siku ya Idi, nyumba imejaa, nikamletea sinia: kikombe cha habasoda, na pembeni kidonge chake cha presha, amlodipini. Shangazi yako akakiinua kwa ncha za vidole, akauliza mbele ya wageni, "Wifi, kwani hadithi ya Mtume huiamini?" Nikanyamaza. Mpaka leo nikikumbuka koo linanikaba. Tumesoma chuo kimoja, na juzuu ya Amma mimi ndiye niliyemtangulia kuimaliza! Bibi akanyoosha mkono, akakichukua kidonge, akakimeza pamoja na habasoda yake. "Vyote vya Mola. Leteni chai."

Hadithi imo katika Bukhari, kuwa habasoda ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Hapo sina neno. Hata watafiti hawakuipuuza. Mwaka 2016 yalijumlishwa matokeo ya majaribio 11, ikaonekana namba ya juu ya presha hushuka kama 3, na ya chini karibu hivyohivyo. Tatu, mwanangu! Bibi alikuwa akifika 170. Toa 3, unabaki na nini? Ingawa nikisema hivyo najisuta mwenyewe, maana kushuka ni kushuka, na lehemu, yaani mafuta kwenye damu, pia imeonekana kupungua kidogo. Mwenye presha iliyozidi kidogo tu huenda ikamfaa. Mwenye 170 je? Haya, mimi si daktari, wacha nisihukumu. Na ulimi unaniwasha kweli.

Ila ukiila, daktari wako ajue, kwani ikikutana na vidonge presha yaweza kushuka kupita kiasi, na sukari vilevile. Na kidonge usikiache kwa maneno ya muuza mafuta ya habasoda.

Presha hupimwa, haikisiwi. Niandikie namba zote mbili, upime asubuhi umekaa kitako, kabla ya chai. Shangazi yako anakusalimu. Siku hizi naye anameza amlodipini, ila usimwambie nimekwambia.

Mama yako