Leseni kwa kila fundi: tumfikirie na yule ambaye hajaitwa kutoa maoni

Mkuu mleta mada, nimelisoma swali lako hadi mwisho. Chama chenu cha mafundi kimeombwa maoni kuhusu rasimu ya kanuni itakayomlazimu kila fundi awe na leseni, tena yenye bei elekezi ndani yake, na wenzako wengi wameiunga mkono kwa sababu itaondoa vishoka. Wewe una wasiwasi. Ila umeuliza pia kama sisi tunaopinga serikali kujiingiza katika kila jambo si watetezi wa matajiri tu. Nitayajibu yote mawili pamoja.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwaandalia watu maombi ya vibali: kujaza fomu, kupanga viambatisho, kufuatilia faili dirisha kwa dirisha. Wenye mitaji mikubwa sikuwahi kuwaona wakihangaika. Wana mwanasheria, wana mhasibu, wana kijana wa kushinda kwenye korido za ofisi. Sharti jipya likitoka wanalilipia, maisha yanaendelea. Niliowaona wakikata tamaa ni wale wa mtaji wa kudunduliza. Namkumbuka mama mmoja mshonaji, fundi wa kweli, aliyetaka kuajiri wasaidizi na kufanya mambo yake kihalali. Akaambiwa awe kwanza na jengo la biashara ndipo wakaguzi waje. Jengo lilitaka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Wakaguzi nao hawakuwa na tarehe. Akaula mtaji wake huku akisubiri, na mwisho akarudi kushonea nyumbani kimyakimya, peke yake. Anayefanya kazi kwa kujificha hawezi kumshtaki mteja aliyekataa kulipa, hana hesabu za kuonyesha benki, na kila mwenye kitambulisho cha ofisi akipita lazima amwachie chochote. Wale wasaidizi ambao angewaajiri hawako kwenye takwimu yoyote.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo chimbuko la msimamo wangu. Mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat alilieleza mwaka 1850: kila sheria ina matokeo yanayoonekana na yale yasiyoonekana, na anayehesabu yale ya kwanza tu hajahesabu kitu. Mkaguzi akifunga karakana mbovu, watu wote wanaona na wanapongeza. Karakana nzuri ambayo haikufunguliwa haina picha wala mlalamikaji. Nchini Peru, miaka ya 1980, mwanauchumi Hernando de Soto na watafiti wenzake walijaribu kusajili karakana ndogo ya nguo pembezoni mwa Lima, mji mkuu, kwa kufuata kila hatua ya sheria. Iliwachukua siku 289. Hao walikuwa watafiti wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mshonaji mwenye watoto wa kulisha angezipata wapi siku zote hizo?

Sasa tuje kwenye swali ambalo kwenye vikao kama chenu watu hulikwepa: masharti yanaandikwa na nani?

Kuna kesi moja ya Louisiana, Marekani, ambayo ningependa uisome yote ukipata nafasi. Watawa wa Saint Joseph Abbey walikuwa wakijikimu kwa miti ya msitu wao, hadi Kimbunga Katrina kilipouharibu mwaka 2005. Wakaamua kuwauzia watu majeneza ya mbao, yale ya kawaida waliyokuwa wakichonga kwa ajili ya wenzao waliofariki. Bodi ya serikali inayosimamia huduma za mazishi ikawaamuru waache. Ili kuuza sanduku la mbao, sheria iliwataka wawe na ukumbi wa kukaa watu 30, chumba cha kuonyeshea majeneza sita, vifaa vya kutia maiti dawa, na msimamizi wa mazishi mwenye leseni aliyeajiriwa muda wote. Watawa hawakuwa na nia ya kugusa maiti ya mtu. Tena sheria ya jimbo hilo haikumlazimisha yeyote kuzikwa ndani ya jeneza, na mwananchi aliweza kuagiza jeneza kutoka jimbo jingine bila kosa lolote. Mteja analindwa dhidi ya nini hapo? Tazama wajumbe wa bodi: walikuwa tisa, na wanane kati yao walitoka kwenye biashara hiyohiyo ya mazishi. Watawa walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ilisema kulinda kipato cha wauzaji waliopo si sababu halali ya sheria.

Mkuu, ndiyo maana nakataa jina la watetezi wa matajiri. Mwanauchumi George Stigler alionyesha mwaka 1971 kwamba mara nyingi udhibiti hutafutwa na wafanyabiashara wenyewe, kwa faida yao. Marekani ilikuwa na chombo cha kupanga nauli na njia za ndege tangu 1938, na kwa miaka 40 hakikuruhusu hata shirika moja jipya kuingia kwenye njia kuu. Waliopigania kuondoa mfumo huo walikuwamo Seneta Edward Kennedy na Rais Jimmy Carter, aliyetia saini sheria hiyo mwaka 1978. Hawa hawakuwa watu wa matajiri, na mashirika makubwa mengi yaliwapinga kwa nguvu zote.

Kuhusu bei elekezi sitakuwa na maneno mengi, kwa kuwa historia yake iko wazi. Rais Nixon wa Marekani alizuia bei na mishahara kupanda tarehe 15 Agosti 1971. Kufikia 1973 wafugaji walikuwa wakiua vifaranga, maana chakula cha kuku kilipanda na bei ya kuku ilikuwa imefungwa. Zimbabwe iliamuru bei zishushwe mwaka 2007, na rafu za maduka zikabaki tupu. Bei ni habari. Mwanauchumi Friedrich Hayek aliandika mwaka 1945 kwamba ujuzi unaohitajika kuendesha uchumi umetawanyika kwa mamilioni ya watu na hauwezi kukusanywa mezani kwa mtu mmoja. Wewe fundi unajua vipuri vimeadimika wiki hii, kazi ile ina hatari, mteja yule ana haraka. Aliyepanga bei elekezi hajui hata kimoja katika hivyo, na hata awe mwadilifu kiasi gani hatavijua.

Najua hoja iliyobaki: mteja atalindwa na nani? Ni hoja nzito, na hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wasiotaka sheria yoyote. Utapeli ni wizi, na wizi ni kazi ya mahakama. Fundi wa gesi au umeme akikosea anaweza kuunguza hata nyumba ya jirani ambaye hakumwita wala kumchagua, kwa hiyo sharti la usalama pale nalikubali. Lakini kuna ngazi kati ya kuacha kila kitu na kufunga kila kitu. Mwanauchumi Milton Friedman alizitenganisha mwaka 1962: usajili, ambapo jina lako linajulikana tu, cheti, ambapo umethibitishwa ila asiye nacho hakatazwi kufanya kazi, na leseni, ambapo asiye nayo ni mhalifu. Watu huruka moja kwa moja hadi ya tatu bila kueleza ya pili ina kasoro gani. Mteja anayetaka uhakika atamtafuta mwenye cheti na kumlipa zaidi. Asiye na uwezo atampata kijana anayeanza, badala ya kukosa fundi kabisa na kujitengenezea mwenyewe, kwa hatari kubwa zaidi.

Mantiki hii ni ileile hata nje ya biashara, pale serikali inapotaka kumlinda mtu mzima dhidi ya uamuzi wake mwenyewe. Marekani ilipopiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, unywaji ulihamia mafichoni, wahalifu wakatajirika, na serikali ikafikia kuamuru sumu iongezwe kwenye spiriti za viwandani ikijua watu wangezinywa. Walikunywa, na wakafa.

Kwa hiyo kwenye maoni yenu msiishie kuandika kwamba mnapinga. Ombeni cheti cha hiari, na leseni ibaki kwa kazi zinazoweza kumdhuru asiyehusika. Ombeni bodi isijazwe na mafundi wenye majina, nanyi mkiwamo. Ombeni maombi yasiyojibiwa ndani ya muda uliotajwa yahesabiwe yamekubaliwa. Kifungu hicho peke yake kingemwokoa yule mama. Na ombeni kanuni yote iwe na tarehe ya kufa, ili miaka mitano baadaye anayetaka iendelee abebe yeye mzigo wa kuonyesha imemsaidia nani, kwa hesabu. Kama rasimu unayo, weka hapa vifungu vya sifa za mwombaji tuvipitie kimoja kimoja, maana wakitaka miaka ya uzoefu chini ya fundi mwenye leseni, vijana wanaoanza wataomba ruhusa ya kuingia sokoni kwa watu watakaoshindana nao.