Usinipe jibu tu, niambie umejuaje

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Yeye na rafiki zake wana kundi mtandaoni ambako hutegeana mafumbo ya muziki wa klasiki, na anasema mchezo umepoa. Fumbo likitupwa, dakika haijaisha mtu ameshaleta jibu, wengine wanaweka alama ya kidole gumba, basi. Ule utani uliokuwa ukiwakesheza haupo tena. Anauliza afanye nini.

Ndugu yangu, ugonjwa huo naujua. Kundi letu liliugua hivyo hivyo likapona, na sioni haya kusema kwamba mimi ni mmoja wa walioliponya. Dawa ni swali moja tu: umejuaje?

Ilikuwa hivi. Rafiki yetu mmoja, ambaye sote tulimheshimu kwa sikio lake, alitupa kipande cha sauti cha sekunde chache na maneno haya: "Mtu anajitaja jina, tena na tena, na kila akijitaja sauti inapanda." Nikasikiliza. Selo, chombo cha nyuzi chenye sauti nzito, inaingia peke yake, chini kabisa, noti nne. Kisha viola, ndogo kuliko selo. Kisha violini, kisha violini nyingine, juu zaidi. Nikajibu papo hapo: mtunzi Mrusi Shostakovich, kwarteti (utungo wa vyombo vinne) namba 8, mwaka 1960. Badala ya kunipongeza, akaandika mbele ya wote kwamba nimetumia programu ya simu ya kutambua muziki. Watu wakacheka. Hadi leo nikikumbuka kicheko kile moyo unaniuma, maana hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimejuaje.

Na la kusema nilikuwa nalo! Wajerumani huziita noti kwa herufi, na katika herufi zao zimo S na H: S ni E iliyoshushwa nusu hatua, H ni ile ambayo wengine huiita B. Jina la mtunzi huyo likiandikwa Kijerumani huanza na D. Sch., na D, S, C, H ndizo noti nne nilizozisikia. Alikuwa ameshazitumia katika simfonia yake ya 10 mwaka 1953, lakini ile ni ya okestra nzima. Hapa vyombo vilikuwa vinne tu, vikipokezana kutoka chini kwenda juu. Kwa anayesikiliza, mlango ulikuwa wazi.

Nililieleza hilo baadaye, kwa kirefu, bila kuombwa. Hapo ndipo kundi likaamka. Mwenzetu mmoja akasema yeye alikuwa karibu kujibu Bach, kwa kuwa naye ana noti nne za jina lake, B-A-C-H (B ya Wajerumani ni ile iliyoshushwa nusu hatua), alizozitia katika ile fuga, utungo ambamo sauti hufuatana zikiigana, ya mwisho ya Sanaa ya Fuga ambayo ilibaki haijakamilika alipofariki mwaka 1750. Majina yote mawili, akasema, yamejengwa kwa jozi mbili za noti zinazobanana, nusu hatua kwa nusu hatua. Nikayapiga mfululizo, nikaona ni kweli. Jibu lake lilikuwa na kosa na lilitufundisha kuliko langu lililokuwa sahihi. Tangu hapo kwetu jibu lisilo na njia halihesabiwi, hata liwe sahihi namna gani.

Mchezo huu wenye muziki wameucheza tangu zamani. Mwaka 1853 mtunzi Schumann na watunzi vijana wawili, Brahms na Dietrich, walimtungia rafiki yao Joachim, mpiga violini, sonata ya violini na piano, kila mmoja na sehemu yake (Schumann alichukua mbili), wakamtaka ataje nani kaandika ipi. Joachim akaipiga, Clara, mke wa Schumann, kwenye piano, akawataja wote bila kukosea. Hakuwa na pa kupekua. Alizijua kalamu zao kwa sababu aliwajua wenyewe.

Elgar, mtunzi Mwingereza, yeye simwigi katika hili. Mwaka 1899 alitoa Tofauti za Enigma, akawachora rafiki zake ndani yake, akasema kuna dhamira nyingine kubwa, yaani wazo la muziki, ambayo haipigwi. Akafariki mwaka 1934 bila kuitaja, na watu wanabishana hadi leo. Muziki wenyewe naupenda mno, lakini ninyi rafiki zenu mnaonana kila siku. Wakishindwa wakakupa mji, liseme jibu.

Jambo jingine: punguza vipande vya sauti, andika maneno. Simu hutambua sauti, haitambui mzaha wenu. Niliwahi kutega hivi: "Bosi, tunataka kurudi kwa wake zetu. Kila anayemaliza anazima mshumaa wake. Tumebaki wawili." Mtu akajibu "chama cha wafanyakazi", tukacheka sana, na hakuwa mbali: ni Haydn, simfonia ya 45, mwaka 1772. Wapigaji wa Mwanamfalme Esterházy, mwajiri wa Haydn, walikuwa wamezuiliwa kwenye kasri lake la shamba muda mrefu, basi mwishoni mwa simfonia wanaacha kupiga na kutoka mmoja mmoja hadi zinabaki violini mbili.

Sasa utani. Mozart alimwandikia Leutgeb, mpiga pembe, konserto (utungo wa chombo kimoja na okestra) ya mwaka 1783 na kuandika juu yake kwamba amemhurumia punda huyo, ng'ombe na mpumbavu. Nyingine akaiandika kwa wino wa rangi nne. Matusi hayo yaliandamana na konserto nzima, kazi ya mikono yake kwa ajili ya mdomo na pumzi za rafiki yake. Ukitaka kumtania mwenzako kiasi hicho, kwanza mpe kitu kinachomfaa yeye, fumbo alilotegewa yeye na si mwingine. Mtanie kwa jibu lake, usimtanie kwa sikio lake. Wengi siku hizi wanataka kushinda kuliko kusikia, na anayetaka kushinda hukimbilia kumshuku aliyeshinda. Muulize kwanza!

Kwa msomaji wangu, hili lipeleke kwenye kundi lako usiku wa leo, bila sauti: "Mwaka uleule wa mishumaa, mtunzi yuleyule. Aliandika nusu, akalipwa nzima. Walipofika mwisho aliwaambia warudi kinyumenyume kwa njia waliyojia." Atakayejibu, asipoeleza alikopitia, mnyime pointi.