Maji ya ndani ya bomba siyo uliyotumwa kuyaleta

Ukifika kisimani mara ya kwanza utatamani kuteka, kujaza chupa na kuondoka. Subiri kwanza. Maji unayoyakuta ndani ya bomba la kisima cha uchunguzi, yaani kisima kilichochimbwa ili kupima kama maji ya ardhini yamechafuka, yamelala humo wiki nyingi, yamegusana na hewa na plastiki. Tunayoyataka sisi ni yale ya nje ya bomba, yanayopita kwenye mchanga na mwamba.

Kabla ya kugusa kitu kingine, pima kina cha maji kuanzia alama ileile ya mdomo wa bomba. Kisha toa maji yaliyolala. Kanuni ya zamani ni kutoa mara tatu ya ujazo wake: bomba la kipenyo cha milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita, hivyo maji ya kina cha mita 10 yatakudai lita 60 hivi. Yaweke kwenye pipa, usiyamwage chini. Mimi napendelea pampu ya polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, huku nikisoma pH (kipimo cha uasidi), upitishaji umeme, oksijeni na uchafu unaoelea kila dakika 3 hadi 5. Vipimo vitatu mfululizo vikikaribiana, najaza.

Ukiiendesha pampu kwa pupa utatibua tope. Tope likiingia kwenye chupa yenye asidi ya naitriki, asidi inang'oa metali kwenye chembe za udongo, na maabara inasoma metali ya risasi ambayo haikuwa imeyeyuka majini. Asidi hiyo imewekwa makusudi, kwa hiyo chupa ya metali haisuuzwi. (Nimewahi kumkuta mgeni akiisuuza, tena kwa bidii.)

Vichupa vya mililita 40, vya benzini (kemikali iliyomo kwenye petroli) na wenzake warukao hewani, vijazwe mwanzo. Jaza taratibu mpaka maji yavimbe juu ya mdomo, funga, pindua, gonga kwa kidole. Ukiona kiputo kinapanda, chukua kichupa kipya. Sehemu ya ulichokuja kukitafuta imeshahamia kwenye hicho kiputo.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Niliweka jenereta upande unakotoka upepo, na majibu yakaja na benzini katika visima vyote vinne, hata kile ambacho siku zote kilikuwa safi. Kilichotuokoa ni kichupa nilichokijaza palepale kwa maji safi ya maabara: nacho kilikuwa na benzini. Tukarudia kazi nzima. Siku hizi mafuta ya jenereta hata gari la sampuli hayapandi.

Anza na kisima safi, malizia kilichochafuka zaidi, na kila kisima glavu mpya. Lebo iandikwe chupa ikiwa kavu. Sampuli zikae kwenye barafu, karibu nyuzi 4, bila kuganda. Fomu ya makabidhiano ijazwe hapohapo, saa na sahihi. Dereva akiondoka na kasha bila kusaini, mkimbilie.